Nyanya, vitunguu na mshare kutoka Arusha na Moshi hadi Dar: Fuso, basi au treni?

Kreti Sitini (Arusha)

Wakuu, habari za mihangaiko. Naomba mwongozo kwa wanaojua usafirishaji.

Mzigo ni wa kila wiki: kreti 60 za nyanya kutoka Ngarenanyuki, kila kreti ya mbao imepimwa kilo 40, magunia 40 ya vitunguu vya Mang'ola ambavyo vinafikia ghala Arusha mjini, gunia kilo 100, na mikungu 70 ya ndizi mshare kutoka Uru, wastani wa kilo 20 kila mmoja. Nyanya na vitunguu vinakwenda soko la Ilala, ndizi zinakwenda soko la Mabibo.

Maswali yangu:
- Vyote vipakiwe gari moja, au nyanya ziende kwa basi ili ziwahi?
- Treni inafaa? Watu wanasema ni nafuu.
- Fuso ya ekseli mbili (mhimili wa matairi ya mbele na wa nyuma) inatosha kisheria, au nitakwama mizani?

Natanguliza shukrani.

---

Utingo Mkuu (Moshi)

Mkuu, kabla ya kuuliza bei hesabu kwanza mzigo wako utashikwa mara ngapi njiani. Kwa nyanya hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Ukituma kwa basi: unapakia toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) shambani, unashusha stendi, unapakia buti, unashusha stendi ya Mbezi Luis, unapakia bajaji, unashusha Ilala. Mara sita. Treni nayo ni mara sita hizo hizo, kwa sababu stesheni haiko shambani wala sokoni. Fuso ya moja kwa moja ni mara mbili, kupakia na kushusha. Kila kreti inapotua chini kwa kishindo, nyanya za safu ya chini zinapata mchubuko ambao huuoni leo. Unauona kesho kutwa, doa laini lenye maji, na mnunuzi wa Ilala anabonyeza hapo hapo kwa kidole gumba.

Kwa hiyo jibu langu ni gari moja, vyote vitatu. Tena bahati yako njia inakupangia mzigo yenyewe. Anza na vitunguu ghalani Arusha, vikae mbele karibu na kebini. Panda Ngarenanyuki upakie nyanya, zikae katikati. Shuka upite Moshi umalizie ndizi, zikae nyuma mlangoni. Ukifika Dar kwa barabara ya Morogoro unakutana na Mabibo kabla ya Ilala, kwa hiyo kilichopakiwa mwisho ndicho kinachoshuka kwanza. Hakuna kreti hata moja ya kuhamishwa ili kufikia ndizi.

Kuhusu kreti zenyewe:

Usijaze hadi juu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya nyanya na ukingo, ili kreti ya juu ikalie mbao za kreti ya chini na si nyanya. Wapakiaji watakuambia unapoteza nafasi. Ukweli ni kwamba kreti iliyofura inapoteza safu nzima ya juu kwa kubanwa.

Ndani weka nyasi kavu au magazeti pembeni, maana pengo kati ya fito moja na nyingine linakata ngozi ya nyanya gari linapotikisika. Misumari yote iwe imegongwa ikalala. Pitisha kiganja ndani ya kila kreti kabla ya kujaza.

Panga kreti tano kwenda juu, basi. Zibanane ubavu kwa ubavu bila pengo. Penye pengo bana kwa gunia tupu lililokunjwa. Kreti yenye nafasi ya kucheza inacheza hadi Chalinze.

Vuna nyanya iliyoanza kugeuka rangi kitakoni, si nyekundu. Nyekundu iuze Arusha, soko la Kilombero pale.

---

Mizani Haidanganyi (Arusha)

Naongezea swali la mizani, kwa sababu wengi wanajumlisha uzito wote tu na kusahau ekseli.

Sheria inayotumika ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019. Ekseli ya mbele ya usukani yenye matairi mawili mwisho wake ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi pacha, yaani manne, ni tani 10. Kwa hiyo Fuso ya ekseli mbili haiwezi kuvuka tani 18 kwa jumla, gari na mzigo. Gari lolote lenye uzito kuanzia tani 3.5 linaingia mizani, na kwenye njia yako utapimwa Himo na baadaye Vigwaza.

Mzigo wako: nyanya 2,400, vitunguu 4,000, ndizi 1,400. Jumla kilo 7,800. Tupe uzito wa gari likiwa tupu, kila ekseli peke yake, na umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Angalia pia kibati cha mtengenezaji kwenye gari. Kama mtengenezaji ameandika uzito mdogo kuliko wa sheria, fuata cha mtengenezaji, kwa sababu breki na springi zake zimetengenezwa kwa uzito ule.

---

Kreti Sitini

Shukrani sana wakuu. Gari ninaloliangalia: tupu ni kilo 3,100 mbele na 3,000 nyuma, matairi ya nyuma ni pacha. Umbali wa ekseli hadi ekseli ni mita 5. Kibati kinaruhusu hadi tani 15.

---

Mizani Haidanganyi

Vizuri. Hesabu yake ni hii: chukua uzito wa mzigo, zidisha kwa umbali ambao kitovu cha mzigo (pale uzito wote unaposawazika) kiko mbele ya ekseli ya nyuma, gawanya kwa umbali wa ekseli hadi ekseli. Unachopata kinakwenda ekseli ya mbele. Kilichobaki ni cha nyuma.

Ukipanga kama alivyosema Utingo Mkuu, vitunguu mbele, kitovu kinaweza kukaa sentimita 80 mbele ya ekseli ya nyuma. 7,800 × 0.8 ÷ 5 = 1,248. Mbele inakuwa 3,100 + 1,248 = 4,348. Nyuma inabaki 6,552 + 3,000 = 9,552. Unapita.

Sasa geuza: ndizi mbele, magunia ya vitunguu nyuma, kitovu kikaangukia juu ya ekseli yenyewe. Mzigo wote 7,800 unakaa nyuma, jumla 10,800. Umezidisha kilo 800, wakati gari lote bado lina kilo 13,900 tu, chini kabisa ya tani 18. Dereva atabishana kwamba gari halijajaa, naye atakuwa sahihi kwa jumla na amekosea kwa ekseli. Utalipa na utapanga mzigo upya juani.

Kitovu kinasogea pia gari likiwa njiani. Magunia yasiyofungwa yanateleza kurudi nyuma kwenye kila mlima. Funga kamba ya kukingama mara tu vitunguu vinapokwisha, kabla kreti hazijaingia.

Na tafadhali, gunia la kilo 100 liwe kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa, halafu inavuruga hesabu yote hii: magunia 40 yenye kilo 125 ni tani nzima ambayo hukuiandika popote.

---

Behewa la Nne (Moshi)

Kuhusu treni, niseme kwa haki, maana ni usafiri mzuri unaotumiwa kwa mzigo usio wake.

Reli yetu ya kaskazini ni ya upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ilifika Moshi ikitokea Tanga mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Kipande cha Mruazi hadi Ruvu kilichoiunganisha na Reli ya Kati kilikamilika mwaka 1963, na ndiyo sababu leo unaweza kutoka Moshi hadi Dar bila kupita Tanga. Abiria walirudi Moshi Desemba 2019, Arusha Oktoba 2020. Msichanganye na treni ya umeme iliyoanza Dar hadi Morogoro Juni 2024. Ile ni reli nyingine, haiji huku.

Treni ya abiria haitoki kila siku, kwa hiyo nyanya itasubiri ratiba, na nyanya haisubiri. Mvua za masika zikikata tuta, safari inasimama. Treni ipe mzigo mzito, mkavu, usio na haraka: saruji, mbolea, mabati, mahindi. Vitunguu vilivyokauka vizuri shingo vinaweza kupanda, ila kwa tani 4 huoni faida, kwa sababu utalipa gari la kupeleka stesheni Arusha na lingine la kutoa stesheni Dar. Ukifikisha tani 30 au 40 za vitunguu kwa mkupuo mmoja, hapo nenda stesheni uulize bei ya behewa zima.

---

Buti la Kati (Arusha)

Basi nalo lina kazi yake: kipuri, nyaraka, sampuli ya kreti moja kwa mnunuzi mpya. Andika jina na simu ya mpokeaji sehemu mbili, juu na ubavuni, maana karatasi ya juu hubanduka. Chukua risiti yenye thamani ya mzigo, na namba ya gari. Kama ni kitu kibichi omba kiwekwe buti la katikati. Mabasi mengi injini iko nyuma, na buti la karibu nayo ni kama tanuri kwa saa kumi.

Kwa kuwa mada ni usafiri kwa ujumla, na ndege niitaje. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni ya maua na maharage machanga yanayokwenda Ulaya, si ya nyanya za Ilala. Kule unalipia uzito au ukubwa, kile kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 × 40 × 40 linahesabiwa kilo 16 hata kama maua ndani yake ni kilo 9.

---

Mama Mshare (Uru)

Hamjambo wanangu. Naona ndizi mmezipita haraka.

Mkungu usitupwe juu, upokelewe kwa mikono miwili. Tandika majani makavu ya mgomba sakafuni, unene wa kiganja, kisha laza mikungu, mkia wa huu ukiingia kwenye kichwa cha ule. Kila safu na majani yake. Utomvu wa mahali ulipokatwa ukidondokea ndizi unaacha weusi, kwa hiyo kata asubuhi, simamisha mikungu kivulini hadi jioni ndipo upakie. Ndizi isikutane na kreti moja kwa moja. Weka mikeka katikati, kwa sababu pembe ya kreti inachimba ganda na ganda lililochimbwa linaiva kabla ya mengine.

Mwambie dereva asipandishe watu juu ya mzigo. Wanakaa juu ya ndizi, na gari likifunga breki wao ndio wa kwanza kuanguka.

---

Kreti Sitini

Shikamoo mama, asante sana. Wakuu, maswali mawili ya mwisho. Nitoke saa ngapi? Na kuna mtu ananipa gari linalorudi Dar tupu, bei yake ni nafuu kuliko kukodi. Nilichukue?

---

Utingo Mkuu

Muda: vitunguu vipakiwe saa 1 asubuhi, Ngarenanyuki ufike saa 5, nyanya zivunwe kuanzia saa 12 asubuhi na zikusubiri kivulini. Moshi saa 9 alasiri. Ukiondoka Moshi saa 11 jioni, kilomita 560 hivi kwa mwendo wa lori ni saa 11 au 12, unashusha Mabibo alfajiri na Ilala kabla jua halijakaza. Faida kubwa ni kwamba Same, Hedaru hadi Mombo unavipita usiku. Kule chini mchana ni joto kali, na nyanya iliyofunikwa turubai mchana inapikika. Turubai lifunike juu tu, pembeni acha upepo upite. Likibanwa pande zote vitunguu navyo vinatoa jasho na kuota ukungu shingoni.

Gari la kurudi: lichukue, lakini uliza lilibeba nini. Kama ni saruji au mbolea, lifagiliwe na lioshwe, likauke kabisa ndipo ulitandike. Kama lilibeba mapipa ya dizeli au mafuta ya taa, liache hata wakikupa bure. Harufu inaingia kwenye mbao za bodi na haitoki kwa maji.

Usisahau stakabadhi ya ushuru wa mazao kutoka halmashauri ya kila ulikopakia. Msamaha wa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja haukuhusu, maana nyanya, vitunguu na ndizi zako kila kimoja kinazidi tani. Nakala akae nazo dereva, siyo wewe.

---

Mizani Haidanganyi

Na bima: ile ya gari hailipi nyanya zako lori likianguka. Bima ya mzigo safarini ni nyingine, unaikata mwenyewe. Muulize mwenye gari kama anayo, na akisema anayo akuonyeshe karatasi kabla hujapakia gunia la kwanza.