Kutu chini ya milango ya Corolla ya 1998: puti au kukata bati?

Mkaazi wa Likoni
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998 ambayo injini yake ingali imara, lakini bodi inaliwa na kutu. Rangi imefura malengelenge chini ya milango, na nilipoinua kapeti upande wa dereva nilikuta bati limelowa, linabonyea kwa kidole gumba. Gari hili hupanda feri kila siku ya kazi, na maji yakijaa magurudumu hupita ndani ya maji ya chumvi pale kwenye mteremko wa kupandia. Fundi mmoja ameniahidi kulipiga msasa, kulipaka puti na kulipulizia rangi kwa siku mbili. Je, hilo latosha?

Fundi wa bodi, Changamwe
Waaleikum salaam. Bati linalobonyea halina dawa ya puti. Puti hunyonya unyevu, na kutu iliyofunikwa huendelea kula kwa chini. Tena, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huisukuma rangi mpya mpaka ikabanduka. Sakafu hiyo ikatwe hadi pafikiwe bati zima linalong'aa, kichomelewe kipande kipya, kisha ipakwe rangi ya msingi yenye zinki. Kwenye kutu ya juu juu, brashi ya waya na dawa ya asidi ya fosfori vitatosha. Hakikisha betri imefunguliwa na kapeti imetolewa kabla ya kuchomelea, na umwonyeshe fundi bomba la petroli linapopita, maana wengine hukumbuka moto umeshawaka.

Bi Tudor
Sipingani na fundi, ila ningeanza kwingine. Gari la shemeji yangu lilipakwa rangi likapendeza kweli, na mwezi uleule paipu ya breki ya nyuma, iliyokuwa imeliwa na kutu, ikapasuka akiteremka Daraja la Nyali. Kabla ya kulipia rangi, gari lipandishwe juu, paipu za breki zisuguliwe na kutazamwa kwa tochi urefu wake wote, na sehemu zinaposhikiliwa shokamzoba na mikono ya magurudumu zigongwe kwa nyundo ndogo. Zikitoa mlio mzito au zikimomonyoka, fikiria upya kama gari lastahili gharama.

Mkaazi wa Likoni
Ahsanteni sana. Vipi kuhusu kupaka oili chafu chini ya gari, kama wafanyavyo wengi?

Fundi wa bodi, Changamwe
Oili chafu huharibu bushi za mpira, huoshwa na mvua, na ikidondokea ekzosi hutoa moshi. Afadhali nta au grisi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, juu ya bati kavu. Jambo kubwa zaidi ni maji ya kuoshea: visima vingi vya huku kwetu vina maji ya chumvi, na waoshaji magari wengi huyatumia hayo hayo, kwa hiyo unaondoa chumvi ya bahari na kuirudisha ya kisima. Suuza chini kwa maji ya bomba kila wiki, na uzibue kwa waya vile vitundu vilivyo chini ya milango, kwani vikizibwa na mchanga mlango hugeuka birika.