Vita vya Majimaji darasani: tuanze na kitabu kipi?

Mwalimu wa Kusini: Ndugu wasomaji, habari zenu. Ninafundisha Historia kidato cha tatu. Juma lililopita nilipoeleza kwamba katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, watu walikunywa na kunyunyiziwa maji ya dawa wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, darasa zima liliangua kicheko. Binti mmoja tu, anayekaa karibu na dirisha, hakucheka. Baada ya kipindi alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao Umatumbini jambo hilo halichekwi, kwa sababu bibi yake huisimulia njaa iliyofuata vita kama alivyosimuliwa na wazee wake, na akifika hapo huacha kula. Tangu siku hiyo sina raha. Ninaomba mnielekeze kwenye vitabu, viwe vya kubuni au vya historia, ambavyo vitawafanya vijana hawa waione imani ile kwa macho ya wale walioishika.

Mpenda Tamthilia: Mwalimu, anza na *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa 1969. Mwandishi mwenyewe ameonya kwamba Kinjeketile wake, mganga anayegawa maji ya dawa, ni mtu wa kubuni, si yule wa historia, na onyo hilo wasomeeni kwanza. Nguvu ya tamthilia hii ni kwamba shaka haitoki kwa Wajerumani bali imo ndani ya moyo wa mganga mwenyewe, ambaye ameliona neno lake likimtoka mikononi na kuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri kwake kutawafikia hata watoto ambao hawajazaliwa. Wagawie vijana sehemu wasome kwa sauti. Sidhani kama kuna atakayecheka mkifika hapo.

Mkutubi Mstaafu: Kwa heshima zote kwa ndugu aliyetangulia, mimi ningechelewesha tamthilia. Kijana akianza na Kinjeketile wa jukwaani, hatambanduka kichwani tena. Kinjeketile wa kweli, yule wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mapema Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza kuenea, na kilichowabeba watu kilikuwa pia chuki ya mashamba ya pamba waliyolazimishwa kulima chini ya maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Ndiyo maana kule Nandete, Umatumbini, tendo la kwanza, Julai 1905, lilikuwa kung'oa miche ya pamba. Mtafute mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye yeye na John Iliffe walichapisha mwaka 1968 kumbukumbu za vita hivi, zikiwamo sauti za wazee wenyewe. Kisha usome utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ukikumbuka kwamba ni jicho la mtu wa pwani linalowatazama watu wa bara.

Na njaa usiipite haraka, mwalimu. Wajerumani walichoma ghala na mazao kwa makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mahali palipokuwa na vijiji paliota msitu, tembo wakarudi, na sehemu ya nchi hiyo baadaye ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Bibi ya huyo binti anajua anachokisimulia.

Mama wa Songea: Wanangu, mmesema vizuri, ila imani haikuwa ya upande mmoja. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa njiani pamoja na mabruda na masista aliosafiri nao. Tarehe 27 Februari 1906, hapa Songea, wakuu wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja, na baadhi yao walikubali kubatizwa na padre kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Mimi huenda kwenye makumbusho yetu kila kumbukumbu ya siku hiyo, na kila mara hujiuliza walipopakwa maji ya ubatizo waliyakumbuka maji yapi.

Kuhusu mapenzi, ambayo hakuna aliyeyataja, wape *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Si kitabu cha Majimaji, lakini kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anayempenda Amina huku Wajerumani wakikaribia, atawaonyesha kwamba msiba mkubwa huwakuta watu wakiwa na mambo yao ya moyoni.

Mwalimu wa Kusini: Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Nimeamua kumfuata mkutubi kwanza. Jumatatu nitaanza na sauti za wazee, nami mwenyewe nitazifasiri kwa Kiswahili ubaoni. Tamthilia itafuata majuma mawili baadaye. Yule binti nimemwomba amuulize bibi yake kama atakubali tumtembelee, naye amejibu kwamba bibi amekubali, kwa sharti kwamba tufike asubuhi kabla hajala.