Kibodi isiyo na waya, yenye namba pembeni, bajeti elfu 60: nichukue ipi?

Leja_Kuu
Wakuu habari za jioni. Laptopu yangu ni ya inchi 14, haina namba pembeni, na mwisho wa mwezi nina hesabu za VICOBA viwili za kuingiza kwenye Excel. Nataka kibodi kubwa kamili isiyo na waya. Nipo Dar, Kariakoo nafika. Nitajieni jina tu, nina haraka.

Kitufe_F5
Jina tu halitakutosha, ila anzia Logitech K270. Ina risiva ndogo ya USB (kidude cha kuchomeka kwenye laptopu kinachopokea mawimbi ya kibodi), inakula betri mbili za AAA na namba pembeni zipo. Ukitaka na mausi, uliza MK270. Wakikuonyesha K380, ni kibodi nzuri lakini haina namba pembeni, hiyo rudisha. Usisikilize neno "kamili" la muuzaji, angalia upande wa kulia mwenyewe: uone vitufe 17, kuanzia Num Lock mpaka Enter ya pili. Kibodi kamili huwa na vitufe 104 au 105.

Waya_Daima
Nunua ya waya. Haina betri, haina risiva ya kupotea, na chenji inabaki ya nauli.

Leja_Kuu
Waya sitaki, meza yangu ndogo.

Waya_Daima
Meza ndogo halafu unataka kibodi yenye upana wa sentimita 45. Haya.

Kipanga_2.4
Kwenye risiva kuna jambo wauzaji hawalisemi. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 3, hasa jirani na flashi au diski ya nje inayofanya kazi, herufi zitaruka au zitachelewa. USB 3 inatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na risiva. Chomeka tundu la USB 2, au tumia waya mfupi wa kuongezea uisogeze risiva mbali kidogo na laptopu. Watu wengi wanalaumu kibodi bure.

Na kama laptopu ina matundu ya USB-C peke yake, weka adapta kwenye bajeti.

Mtumba_Daraja1
Ukichukua iliyotumika, angalia Enter na kitufe cha 3. Ikiwa na £ juu ya 3, hiyo ni ya Uingereza. Windows ikiwa imewekwa ya Marekani, @ na alama ya kunukuu zitabadilishana nafasi. Kibodi ni nzima: ongeza lugha ya Uingereza kwenye Windows, halafu unabadilisha kwa kitufe cha Windows pamoja na Space.

Fundi_Ubao
Dada, swali moja. Kama shida ni namba tu, kuna vibodi vya namba peke yake vya USB, vinakaa kwenye kiganja. Kwa nini kubwa nzima, na kwa nini haraka?

Leja_Kuu
Kuna herufi kwenye laptopu zina shida kidogo.

Fundi_Ubao
Kidogo vipi? Hazibonyezeki, au zinajibonyeza?

Leja_Kuu
M na koma zinajiandika zenyewe. Wiki iliyopita ilimwagikiwa chai ya maziwa. Lakini nikipata ya nje, ya ndani siigusi tena, kwa hiyo sioni kama inahusu.

Fundi_Ubao
Inahusu kuliko yote uliyoandika. Kibodi ya nje haizimi ya ndani, Windows inazisikiliza zote mbili kwa wakati mmoja. Utaandika 45000 kwenye kibodi mpya, ya ndani itadondosha m katikati, na Excel itakichukua hicho kisanduku kama maandishi. Fomula ya kujumlisha, SUM, inaruka maandishi kimyakimya. Jumla ya kikundi itapungua elfu 45 na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Hakikisha kwanza. Bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja, kibodi ya kwenye skrini itafunguka. Ondoa mikono. Kitufe kinachojibonyeza utakiona kinawaka chenyewe.

Sababu ni kwamba chini ya vitufe kuna karatasi nyembamba za plastiki zenye njia za umeme. Chai yenye sukari ikipenya kati yake, maji yanakauka lakini uchafu unabaki unaunganisha njia na kuzila taratibu. Kupangusa kwa juu hakufiki huko.

Bi_Adabu
Chai na kompyuta meza moja! Watoto tunawakataza, wakubwa tunafanya.

Popo_Macho
Wakuu tuamke. Laptopu inajiandika m yenyewe, mbona uzi mzima hauna hata m moja iliyozidi? Kesho hapa itawekwa namba ya simu ya duka. Chai imemwagika kwenye kibodi au tunanyweshwa sisi?

Leja_Kuu
Naandika kwa simu. Siuzi kitu, nimenunua mimi. Nimeshatanguliza elfu 20, inaletwa kesho. Haina jina, boksi limeandikwa 2.4G tu. Muuzaji kasema inashika na Bluetooth.

Popo_Macho
Ulikuja kuuliza uchukue ipi, kumbe umeshachukua.

Kipanga_2.4
2.4G kwenye boksi maana yake ni risiva. Bluetooth nayo iko kwenye masafa hayohayo, ndiyo maana wanachanganya. Kama hakuna nembo ya Bluetooth kwenye boksi wala kitufe cha kuunganisha kwenye kibodi, risiva ikipotea kibodi nayo imekwisha.

La pili ni zito zaidi kwa mtu wa hesabu. Mwaka 2016 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Bastille ilionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji 8 zilirusha kila kinachobonyezwa hewani bila kukifumba. Mtu aliye chumba cha pili mwenye kifaa sahihi anasoma mpaka paswedi. K270 inafumba kwa AES ya biti 128, njia ya kuficha data. Hiyo isiyo na jina hakuna anayekuhakikishia, kwa hiyo paswedi za benki andika kwa kibodi ya skrini.

Leja_Kuu
Hela niliyotanguliza hairudi, naichukua hiyohiyo. Niambieni tu namna ya kuizima ya ndani.

Fundi_Ubao
Njia ya programu: fungua Command Prompt kama Administrator, andika `sc qc i8042prt` (hilo ni jina la programu inayoendesha kibodi ya ndani), nakili kilicho mbele ya START_TYPE. Kisha `sc config i8042prt start= disabled`, uache nafasi baada ya alama ya sawasawa. Zima na uwashe upya. Kurudisha ni amri hiyohiyo, weka `demand` badala ya `disabled`, kama ndivyo ilivyokuwa mwanzo.

Inafanya kazi kwa laptopu ambazo kibodi ya ndani imeunganishwa kwa PS/2 (njia ya zamani, si USB), ambazo ni nyingi. Kwenye baadhi, padi ya kugusa nayo hufa, kwa hiyo uwe na mausi kwanza. Na kabla Windows haijaamka, M itaendelea kujibonyeza.

Njia ya uhakika ni fundi afungue, achomoe betri, ainue kifungio na kutoa utepe (waya bapa) wa kibodi kwenye ubao mkuu wa laptopu. Ila kitufe chako cha kuwashia kiko wapi?

Leja_Kuu
Juu kulia, jirani na Delete.

Fundi_Ubao
Basi utepe usiguswe. Hicho ni sehemu ya kibodi, ukitolewa laptopu haiwaki. Tumia amri ya juu umalize hesabu za mwezi, halafu badilisha kibodi ya ndani nzima. Namba ya modeli iko kwenye stika ya chini, ipige picha uende nayo, maana zinafanana kwa macho lakini utepe hautaingia. Akishafungua, mwambie akague ubao chini ya kibodi. Akiona ukungu wa kijani au mweupe, ausafishe kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, betri ikiwa imechomolewa.

Waya_Daima
Na hiyo kibodi ya ndani ina waya.