Naomba ushauri: INR ya mama (kipimo cha kasi ya damu kuganda) imeshuka hadi 1.6

Hamjambo wenzangu. Mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu imgande mguuni, na daktari anataka INR yake ikae kati ya 2 na 3. Majibu ya juzi, kutoka maabara moja hapa Umoja, yanasema 1.6, yaani damu inaganda upesi kuliko inavyotakiwa. Dawa hakosi. Ila tangu ahamie kwangu ni sukuma wiki kila jioni (Nairobi utakula nini kingine?), na mboga hiyo ina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya warfarini. Kliniki ni wiki ijayo. Je, nimpigie daktari leo au tungoje? Na nyinyi mliouguza mgonjwa wa warfarini, mboga mlimpunguzia, au mlimpa kiasi kilekile kila siku? Dozi sitaigusa mwenyewe.