Miji ya kale Uingereza kwa treni: York au Bath?

BintiWete
Assalaam alaykum jamani. Kijana wangu anakaa London mashariki na inshallah mwezi wa nne nakwenda kumtizama, wiki tatu. Ana siku moja tu ya kunitembeza nje ya mji, nami nimemwambia sitaki maduka, maduka tunayo Darajani. Nataka mji wa kale. Mwenyewe anasema York, mkaza mwanangu anasema Bath. Mie treni sijapata kupanda. Safari yangu ndefu ya chombo ni boti ya Mkoani kuja Unguja, na hiyo nashuka sijijui. Goti la kushoto nalo halipatani na ngazi. Kilichonishangaza ni bei: kijana kanionesha kwenye simu, treni ile ile, siku ile ile, tiketi moja karibu mara tatu ya mwenziwe. Ndo nini hivo?

MtuWaKiponda
Waalaykum salaam mama. Si wizi. Ya rahisi ni ile iliyoandikwa Advance. Unainunua mapema, nayo imefungwa kwa treni moja. Ikikuacha, tiketi imekufa. Ya ghali unapanda treni yoyote, hata asubuhi watu wakienda makazini. Katikati kuna Off-Peak, hiyo inakwepa masaa ya msongamano.

Nikwambie yaliyonifika. Wiki yangu ya kwanza kule, rafiki alinikatia Advance ya York, imeandikwa 09:00. Kichwa changu bado kiko Forodhani, nikaisoma saa tisa. Nikaswali adhuhuri kwa raha zangu, nikala wali, nikaondoka na mkoba wa visheti. King's Cross, steshini ya London ya treni za York, nikampa mtu wa getini tiketi. Akaitazama, akanitazama mie, akatazama saa. Treni yangu ilikwishaondoka saa tatu asubuhi. Dirishani nikalipa tiketi mpya, na visheti nikavitafuna kwa hasira mpaka Peterborough, mji wa njiani.

Kwa goti lako, nenda York. Mwendo kama saa mbili, na makumbusho ya reli yako nyuma tu ya steshini, kiingilio bure, tambarare. Humo mna Mallard, gari la moshi la buluu lililofika kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, na rekodi hiyo ya treni za mvuke bado ni yake. Halafu mtaa wa Shambles: nyumba za mbao, ghorofa za juu zimeinamiana kama zinasengenya. Mji Mkongwe mtupu, ila baraza hawana. Palikuwa pa wachinjaji, na kulabu za nyama mpaka leo zipo nje ya baadhi ya maduka. Ukuta wa mji uache, una ngazi.

Mwambie kijana aombe mapema msaada wa abiria, hautozwi kitu. King's Cross namba ya jukwaa hutoka ubaoni dakika chache tu kabla ya kuondoka, na hapo watu hukurupuka kama boti imefunga gati Malindi.

Shangani_72
Mkaza mwanao naye hajakosea. Bath ni saa moja na nusu hivi kutoka Paddington, steshini nyengine ya London. Hamamu za Warumi zipo, maji yanatoka ardhini na joto la digrii 46. Lakini usichukue kanga ya kuogea, ni ya kutazama tu kama Hamamni yetu, na kiingilio si kidogo.

Popote mwendako, Jumapili muiogope. Ndo siku ya kutengeneza reli, unakata tiketi ya treni unajikuta ndani ya basi. Na kwa kuwa mko wawili, kijana anunue kadi ya Two Together, mnapunguziwa theluthi ya nauli. Siku za kazi haikubali kabla ya saa tatu unusu asubuhi.

Treni hujapanda wewe, wazee wa Unguja walipanda. Tangu 1905, Ngome Kongwe mpaka Bububu, kilomita kama 11.

BintiWete
Bububu mie najua daladala tu! Basi York, Jumatano. Mkaza mwana nitampoza kwa mabumunda. Kijana nshamwambia aniandikie kwa maneno: saa nne asubuhi. Suali la mwisho, chakula changu mwenyewe ruhusa kula mle ndani?

MtuWaKiponda
Ruhusa, hakuna wa kukuuliza. Ila samaki wa kukaanga mwache nyumbani mama, madirisha yale hayafunguki.