Madaktari wa mifugo, kadi za chanjo mnajaza mmefumba macho?

Wadau, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Paka wangu ana chipu (kile kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), amechanjwa kichaa cha mbwa, cheti anacho. Vyote nimelipia. Safari imekufa kwa sababu ya tarehe tu! Daktari alichanja kwanza, chipu akaja kuiweka wiki iliyofuata, akagonga muhuri na kunitakia safari njema. Safari ipi? Kuingia Umoja wa Ulaya, chipu iwekwe kabla ya chanjo au siku hiyohiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, maana hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechomwa sindano ndiye huyu aliyemo kwenye kizimba.

Sasa naanza upya. Chanjo nyingine, kisha kungoja siku 21. Na kwa kuwa wanyama wa kutoka nchi yangu wanadaiwa kipimo cha kingamwili, yaani damu kupimwa kama chanjo imeshika, damu haitolewi mpaka siku 30 zipite tangu chanjo, majibu yafike angalau 0.5 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita, halafu miezi 3 mingine tangu damu itolewe. Miezi minne inateketea kwa sababu mtu hakujua kipi kinatangulia.

Na msije na ile ya "ungesoma masharti mwenyewe". Nilimwambia mapema kwamba mnyama anasafiri na wapi anakwenda. Namlipa ya nini basi?

Tangu hapo nakagua kadi za wenzangu, ni vituko. Namba ya chipu ina tarakimu 15, kadi ina 14. Stika ya chanjo ipo, tarehe ya kuisha muda haipo. Kadi inasema dume, cheti kinasema jike. Wa mbwa ndio mnalo zaidi: dawa ya tegu kwa anayeingia Uingereza, Ireland, Malta, Finland au Norway hutolewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, daktari kaandika "asubuhi". Asubuhi saa ngapi?

Siku ya chanjo, dai chipu isomwe kwa mashine mbele yako kabla sindano haijajazwa, na namba ilinganishwe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Akinuna, anune.

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na kliniki kwa uzembe wa namna hii? Mlidai vipi, kwa barua au mlikwenda wenyewe? Wa kunipa pole pitieni kushoto.