Taa "za volti 12" bila rezista hata moja! Stesheni yangu nzima giza

Wakuu, nina hasira leo, nivumilieni.

Nimejenga stesheni ndogo ya treni za modeli, skeli ya N, ile ya 1:160 (kila kitu kidogo mara 160 kuliko halisi), reli zake upana milimita 9. Miezi mitatu nakesha nayo. Nikaagiza nguzo 14 za taa za jukwaani. Pakiti imeandikwa waziwazi: volti 12, tayari kwa matumizi. Nikatoboa jukwaa kwa drili ya milimita 1, nikapitisha nyaya nyembamba kama unywele (zile zenye varnishi, usipoiunguza kwanza risasi ya kulehemu haishiki), nikamwaga kokoto, nikagandisha kila kitu kwa gundi ya mbao. Juzi usiku nikazima taa ya chumba, nikawasha adapta.

Zikawaka nyeupe pee, zenye ubuluu, kufumba na kufumbua. Halafu giza. Na ile harufu, mnaijua.

Nimepekua nguzo moja mpaka ndani kutafuta rezista. Hakuna! Kwenye waya hakuna, kwenye pakiti hakuna. LED nyeupe inataka kama volti 3. Ukiipa 12 bila kitu cha kupunguza umeme, umeiua. Rezista ya omu 470 kwa kila taa ingeziokoa. Mimi ningeweka hata ya omu 4,700, maana stesheni ya usiku si uwanja wa mpira.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: "Umegeuza chanya na hasi." Jamani! LED iliyogeuzwa haiwaki. Hizi zimewaka zote 14, tena kali, ndipo zikafa. Nilipomwambia hivyo akawa bubu mpaka leo.

Kosa langu nalikubali. Kabla ya kugandisha nilijaribu moja kwa betri bapa ya volti 3, ikawaka vizuri kabisa, nikafurahi kama mtoto. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka! Taa ya volti 12 ya kweli ukiipa 3 inafifia au haiwaki kabisa.

Na hiyo skeli ya N waliyouzia nguzo hizi nayo ni uongo. Nguzo ina milimita 75. Zidisha mara 160: mita 12! Abiria wangu wana milimita 11, unadhani wanasubiri treni chini ya mnara wa simu. Hilo nililiona siku ya kwanza, nikasema potelea mbali.

Sasa aliyewahi kung'oa nguzo kwenye gundi ya mbao iliyokauka anisaidie. Maji ya vuguvugu yanailainisha, najua, ila jukwaa langu ni la kadibodi na ukingo wake nimeupaka rangi kwa mkono, mstari kwa mstari. Nianzie chini ya ubao au juu? Na wewe unayetaka kuandika "ungejaribu kwanza", rudi usome tena.